Mbwa Msumbufu Naye Ana Nyumba Inayomfaa

Katika miji na vijiji vya Kasongo na Kabambare, mbwa aliyemng'ata mtu au aliyeua mbuzi wa jirani huwekewa njia tatu. Atapigwa hadi afe siku hiyo hiyo, atafukuzwa azurure sokoni, au atapewa mtu wa mbali asiyejua habari zake. Njia ya kwanza inamuua mnyama ambaye pengine angefaa kwingine. Ya pili inaiacha hatari barabarani, wanakopita watoto waendao shule. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaiingiza hatari nyumbani kwa mtu ambaye hakuonywa. Makala haya ni kwa ajili ya wanaotaka njia ya nne: kumtafutia mbwa huyo nyumba inayolingana na tabia yake.

Nairobi kuna chama cha KSPCA na Kampala kuna USPCA, vyenye mabanda ya kupokea mbwa waliokosa wenyewe na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Huku kwetu kusini mwa Maniema kazi hiyo inamwangukia yeyote aliye karibu: mama anayehama kumfuata mumewe, mlinzi aliyemaliza mkataba, jirani aliyeachiwa mbwa na jamaa waliokimbia. Mapigano ya makundi yenye silaha yamewahamisha watu mara nyingi, hasa upande wa Kabambare na Salamabila. Familia inayokimbia usiku hubeba watoto, sufuria na mkeka, na mbwa hubaki. Akikaa peke yake miezi kadhaa hujifunza kuiba ili ale, kujificha ili aishi, na kuona kila aliyeshika fimbo ni adui. Ukimwokota mbwa wa namna hiyo, umeshakuwa nyumba yake ya muda, na uamuzi wako utagusa maisha ya watu wengine.

Kwanza hakikisha si ugonjwa

Kabla ya kusema mbwa ana tabia mbaya, jiulize kama si mgonjwa. Kichaa cha mbwa huanza kwa tabia kubadilika ghafla. Mbwa aliyekuwa mpole anakuwa mkali, na aliyekuwa mkali anakuwa mnyonge na kujificha gizani. Anatafuna vijiti, mawe na vitu visivyo chakula, sauti yake inabadilika, anashindwa kumeza, mate yanamtiririka, na baadaye miguu inalegea. Mbwa mwenye dalili hizi hapewi mtu, wala hapelekwi kijiji kingine hata kwa nia njema. Mfungie mahali asipofikiwa, usimshike, kisha mpe habari chefu wa mtaa na ofisi ya mifugo mara moja.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya au hopitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba kati ya kila watu kumi wanaokufa wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu vifo vyote hivyo hutokana na mbwa.

Ikiwa mbwa aliyeng'ata anaonekana mzima, mfungie siku 10 umwangalie, na umpe chakula na maji kama kawaida. Ikiwa mate yake yalikuwa na virusi siku alipong'ata, ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo. Ndiyo maana si vizuri kumuua papo hapo wala kumgawa kesho yake. Ukimwondoa, unamnyima daktari habari anayoihitaji ili kujua jinsi ya kuendelea na matibabu ya aliyeng'atwa.

Hata hivyo, siku 10 zinajibu swali la jeraha lile tu. Mbwa ambaye naye aling'atwa na mbwa mgonjwa anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kuugua. Kwa mbwa usiyejua alikotoka, tafuta chanjo kupitia ofisi ya mifugo au kampeni ya chanjo, kisha kaa naye mwezi mzima baada ya sindano, kwa kuwa kinga huchukua wiki kadhaa kukomaa. Chanjo hutolewa tangu mbwa akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kwa ratiba atakayokupa mtaalamu. Omba karatasi ya kuthibitisha, kwa sababu mpokeaji atataka kuiona.

Angalia pia magonjwa mengine. Mbwa mwenye kidonda sikioni, jino bovu, minyoo au mfupa uliovunjika huwa mkali kwa sababu anaumia. Wengi hurudi kuwa wapole maumivu yakiisha.

Mjue kabla ya kumtangaza

Watu husema "mbwa mkali" wakadhani wamemaliza kumweleza. Ukali una sababu, na ni sababu hiyo itakayokuonyesha nyumba. Mwangalie kwa muda, uandike kwenye daftari. Anabweka au anang'ata akiwa wapi, mbele ya nani, baada ya nini? Anawachukia wanaume peke yao? Anaogopa sare ya askari? Pikipiki ikipita anaifukuza au anajificha? Mlio wa bunduki au radi unamfanya avunje kamba? Akiwa na mfupa, ukimkaribia anakaza mwili? Akiona kuku au mbuzi anawapita, au macho yanamtoka? Usimjaribu kwa kumwekea mtoto mbele. Kuhusu watoto, angalia kutoka mbali, akiwa amefungwa, jinsi anavyowatazama wakicheza ng'ambo ya ua.

Jifunze kusoma mwili wake. Mkia uliobanwa chini ya tumbo, masikio yaliyolala nyuma, kulamba midomo bila chakula na kupiga miayo bila usingizi ni dalili za hofu. Mwili uliokakamaa, macho yasiyopepesa na mdomo ulioinuka ukaonyesha meno ni onyo la mwisho. Mkia unaotikisika si lazima uwe furaha. Ukitikisika juu, umekaza kama fimbo, mbwa huyo hana raha.

Usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni kusema "usinikaribie" kabla ya kung'ata. Akipigwa kila anaponguruma atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila onyo. Mbwa anayenguruma ni rahisi kumpatia nyumba kuliko aliyefundishwa kwa fimbo kuficha hasira yake.

Mbwa wa kuwinda wana mambo yao. Katika misitu ya Kongo wawindaji huwavisha kengele ya mti shingoni kwa sababu hawabweki sana, na mlio wa kengele ndio unaoonyesha walipo. Waingereza waliwachukua baadhi yao miaka ya 1930, wakawaita basenji, na mwaka 1937 walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts. Mbwa wa asili hiyo akifukuza mbuzi hana wazimu. Anafanya kazi ambayo mababu zake walifundishwa kwa vizazi vingi, ila amekosea mnyama.

Chagua nyumba kwa kuangalia kasoro

Kosa linaloharibu kazi hii ni kutafuta nyumba "nzuri" kwa jumla: mtu mwenye roho safi, mwenye chakula, mwenye ua mpana. Hayo yanahitajika, lakini hayatoshi. Kasoro moja inaweza kuwa balaa kwenye nyumba moja na kutomdhuru mtu kwenye nyumba nyingine. Anza na kasoro ya mbwa, kisha tafuta nyumba ambayo kasoro hiyo haina pa kudhuru.

Mbwa anayeua kuku na mbuzi usimpeleke kijiji chenye mifugo inayotembea huru, hata kama mpokeaji ni shemeji yako. Mtafutie mwenye shamba la mpunga, mahindi au karanga mbali na makazi, anayesumbuliwa na nyani na ngedere. Mbio zile zile zilizomletea kesi kwa chefu zitamfanya apendwe shambani. Lakini hakikisha mtu huyo hulala shambani au huenda kila siku. Mbwa aliyeachwa porini bila chakula atatafuta mbuzi tena.

Mbwa anayewashuku wageni humfaa mwenye ua uliofungwa na wageni wachache, kama ghala au karakana. Hamfai mama mwenye kilabu cha chakula, wala nyumba ya chefu, wala parokia, mahali ambapo watu huingia tangu asubuhi hadi jioni. Tena, usimpe mtu anayemtaka kwa sababu ni mkali tu. Anayesifu meno ya mbwa kabla ya kuuliza anakula nini atamchokoza ili azidi kuwa mkali, na jeraha litakalotokea litakuwa na mkono wako ndani yake.

Mbwa anayelinda chakula chake anaweza kuishi na watu wazima wanaoelewa kwamba sahani yake ni yake. Alishwe peke yake, mahali pamoja, saa zile zile, asiguswe hadi amalize. Ikibidi kumwondolea kitu, mrushie kipande cha ndagala mbali kidogo, na akikifuata chukua ulichotaka. Nyumba yenye watoto wanaotambaa haimfai kamwe.

Mbwa anayeogopa milio na umati anahitaji kijiji tulivu na mtu mwenye subira, kwa kawaida mzee anayeshinda nyumbani. Usimweke kando ya barabara kuu wala karibu na kambi ya askari. Mbwa anayepigana na wenzake aende nyumba isiyo na mbwa mwingine. Ikiwa ni dume na kuna mtaalamu wa kumhasi, ahasiwe. Hilo hupunguza kuzurura na kupigania majike, ingawa haliponyi woga.

Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu, upo mfano wa kutia moyo. Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa na miaka 12 kwa bomu lililozikwa shambani, alianzisha mradi wa kuwaunganisha mbwa wasio na wenyewe na watu waliojeruhiwa moyoni na vita vya waasi wa LRA. Mbwa hawapewi watu kiholela. Huchunguzwa tabia na kutibiwa kwanza, na mtu na mbwa hufundishwa pamoja. Walionusurika vita na mbwa waliotupwa wamepata kuishi pamoja, kwa sababu mtu alikubali kufanya kazi ya kuchagua na kufundisha.

Nyumba ya Waislamu

Kasongo na Kabambare zina Waislamu wengi tangu enzi za misafara ya Ujiji na Nyangwe, na anayetafutia mbwa nyumba huku lazima aheshimu jambo hilo. Waislamu wa uswahilini kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo, mafundisho hayo hayo yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na yanamsifu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo usimpite jirani Mwislamu ukidhani hawezi kumpokea, wala usimshawishi apokee asichokitaka. Mwulize kwa adabu, na kama ana shaka, aende kwa shehe wake.

Akikubali, angalia tena tabia. Mbwa anayependa watu, anayerukia nguo na kulamba mikono, husifiwa na wengi. Kwa nyumba ya watu wanaotawadha mara tano kwa siku, huyo ndiye mbwa mgumu. Mbwa anayekaa mbali, asiyependa kushikwa, anayelala langoni na kubweka akiona kivuli, atawafaa vizuri. Kibanda chake kiwe nje, upande ambao upepo na maji ya mvua haviingii nyumbani, vyombo vyake viwe vyake peke yake, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye mlishaji.

Sema yote

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mpokeaji kila ulichoandika kwenye daftari, yakiwemo yale yanayokufanya uogope kwamba atakataa. Usiseme "ana ukali kidogo." Sema, "Mwaka jana alimng'ata kijana mguuni alipoingia uani usiku," au "Ameshaua kuku wa jirani." Kisha nyamaza, umwache aulize. Akikataa, umeokoa watu wawili na mbwa mmoja. Akikubali baada ya kusikia yote, umepata mtu ambaye hatashangaa.

Nenda ukaone nyumba yenyewe. Ua una matundu? Kuna kivuli na maji? Watoto ni wangapi, na majirani wanafuga nini? Zungumza na mama wa nyumba, si baba peke yake, kwa kuwa mara nyingi yeye na watoto ndio watakaokaa na mbwa mchana kutwa. Waambie majirani wa karibu na chefu wa mtaa kwamba mbwa anakuja, wamjue rangi na jina.

Andikeni karatasi mbele ya shahidi: tabia ya mbwa, tarehe ya chanjo, nani atalipa akidhuru, na kwamba mambo yakishindikana mbwa anarudi kwako, hapewi mtu wa tatu wala hatupwi. Ahadi ya kumpokea tena ni muhimu kuliko sifa zote utakazompa, kwa sababu mpokeaji asiye na pa kumrudisha ndiye atakayemfukuza usiku.

Safari na wiki za mwanzo

Wakutane kabla ya siku ya kuhama. Mpokeaji aje mara kadhaa, akae kimya, arushe kipande cha chakula bila kumkazia macho wala kuinama juu ya kichwa chake. Ikiwa nyumbani kwake kuna mbwa mwingine, watembezeni pamoja njiani kwanza, mahali ambapo hakuna mwenye eneo.

Safari iwe alfajiri. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema mdomo wazi. Anayefungwa mdomo kwa kamba na kutiwa ndani ya gunia juu ya pikipiki anaweza kufa kwa joto kabla ya kufika. Mtembeze kwa miguu ikiwezekana, au mweke kwenye tenga lenye hewa, na msimame njiani kumpa maji. Mpe pia kitambaa au mkeka wake wa zamani, wenye harufu anayoijua.

Akifika, asiachiwe siku hiyo, la sivyo atarudi alikotoka. Funga waya baina ya miti miwili, tia pete kwenye waya, na kamba yake ifungwe kwenye pete, apate kutembea bila kujinyonga. Awe na kivuli, maji, na chakula saa zile zile. Bukari na ndagala vinatosha kuanzia, lakini mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa kuwa hupasuka na kumchoma tumboni. Wiki ya kwanza wageni wasiletwe kumtazama, watoto wasimguse, na mtu mmoja tu amlishe. Baadaye atembezwe kwa kamba kuzunguka mipaka ya nyumba, awaone mbuzi wa jirani kutoka mbali, na asifiwe na kupewa kitu kila anapogeuza macho kutoka kwao kwenda kwa bwana wake.

Usitangaze ushindi mapema. Siku za kwanza mbwa wengi hunyamaza kwa hofu, na watu husema amepona. Tabia yake halisi hutokea akishazoea, baada ya wiki chache. Rudi kumtazama wakati huo, na tena baada ya miezi mitatu, uulize kwa upole nini kimeharibika. Ukifika kama msaidizi utaambiwa ukweli.

Nyumba isipopatikana

Yupo mbwa ambaye hatapata nyumba. Aliyemjeruhi mtoto vibaya bila kuchokozwa, anayeshambulia watu bila onyo, ambaye hata mlishaji wake hawezi kumsogelea, huyo asipewe mtu yeyote. Akiwekwa kwako, ua uwe imara na ufungwe wakati wote. Kama hilo haliwezekani, ongea na mtaalamu wa mifugo ili mwisho wake uwe wa haraka na usio na mateso, si wa mawe na marungu mbele ya watoto. Kufanya hivyo si ukatili. Ukatili ni kumpakia kwenye pikipiki ya mtu anayepita na kumwambia ni mbwa mzuri.

Lakini hao ni wachache. Wengi tunaowaita wabaya ni mbwa wenye hofu, njaa, maumivu, au kazi waliyoikosa. Ikiwa unaye mmoja wa namna hiyo leo, mpe maji, mfungie salama, tafuta chanjo, na anza kuandika unachokiona. Usimtoe kwako mpaka upate mtu aliyesikia mabaya yake yote na bado akasema, "Mlete."